MREJESHO: Mbwa wangu aliyekuwa anajikuna na kugoma kula

Wakuu, mimi ndiye wa Moshi niliyeuliza kuhusu Simba, mbwa wangu anayejikuna hadi manyoya yanapukutika, hali kitu. Wengine mlisema nimpake oili chafu. Sikuthubutu, angeilamba.

Daktari wa mifugo alimkuta na kupe hadi ndani ya masikio. Akapima damu, akamchoma sindano, akanipa dawa ya kuogeshea. Ila kilichonichoma mimi ni swali lake: "Huyu anafunguliwa saa ngapi?" Nilikuwa namfunga mnyororo kutwa, jioni ugali mkavu.

Sasa alfajiri tunatembea hadi mto Karanga, ugali una dagaa wasio na chumvi, banda nimelipulizia dawa. Wiki ya tano, manyoya yanarudi. Kuku wa jirani tu ndiyo bado tuna kesi.