Ngozi ya Mzungu iliyotiwa giza si ngozi yetu, acheni kutuuzia!

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Nimenunua mtandaoni furushi la tekscha za ngozi, yaani picha za kuvika mwili wa mtu wa 3D anayechorwa kwa kompyuta, lililoandikwa "mwanamume Mwafrika", bei si ya mchezo, kwa tangazo la mteja wangu hapa Nairobi. Kufungua tu: viganja vyeusi ti, sawasawa na mgongo wa mkono! Nani kati yetu ana kiganja cha hivyo? Mistari ya kiganja, ambayo kwetu ndiyo hukolea, haionekani kabisa. Vifundo vya vidole vinapaswa kuwa vyeusi zaidi. Hawa wameviacha na wekundu wa damu. Yaani walipiga picha ngozi nyeupe, wakashusha mwangaza, wakaingiza sokoni.

Mipangilio ya mwanga ndiyo aibu zaidi. Tangu mtafiti wa michoro ya kompyuta Henrik Wann Jensen na wenzake watoe mwaka 2001 njia nyepesi ya kukokotoa mwanga unaopenya ngozini, mafunzo mengi yanaanzia hapo: fanya masikio yawake mekundu. Jamani, kwenye ngozi nyeusi melanini (ile rangi ya asili ya ngozi) ya tabaka la juu humeza sehemu kubwa ya mwanga huo kabla haujafika kwenye damu. Kinachobeba uso ni mng'ao. Simama steji ya Kencom saa saba mchana uangalie mapaji ya watu: mng'ao ule hauna rangi ya ngozi, una rangi ya jua na anga, na ndani yake ndimo vitundu vya vinyweleo vinapojitokeza kimoja kimoja. Furushi hili limeufifisha, uso umebaki wa mpira. Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale alilalamikia jambo hilihili katika Scientific American mwaka 2020, na bado tunauziwa!

Nimewaandikia wauzaji, wakanijibu nipunguze mwangaza. Basi nimechora upya kwa mkono, usiku kucha, mpaka lile kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto, tulilo nalo Wakenya wengi mno.

Mwenye kamera na vichujio vya polaraizi hapa jijini, vile vinavyotenga mng'ao na rangi, anitafute inboksi tupige ngozi zetu wenyewe. Na wewe muuzaji, kama unasoma humu: rudisha pesa yangu, na uliondoe hilo neno "Mwafrika" kwenye bidhaa yako leo.