Emaili 60 za kutafuta PhD nje, majibu mawili tu. Nakosea wapi?

binti_kilombero

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo. Nimemaliza masta mwaka jana, utafiti wangu ulikuwa usugu wa mbu wa malaria kwa viuatilifu, nimekaa fildi Kilombero karibu miezi nane, usiku tunakamata mbu mchana niko lab, PCR (kipimo cha kunakili vinasaba) nafanya mwenyewe kuanzia kutoa DNA mpaka kusoma jeli, na R, ile programu ya takwimu, naijua kiasi cha kuchambua data zangu bila kumtegemea mtu. GPA ya digrii ya kwanza 3.7, masta 4.2. Toka Januari nimetuma emaili kama 60 kwa maprofesa wa Ujerumani, Sweden, Canada, Marekani yaani kila mahali, wamenijibu wawili na wote wanasema hawana fandi kwa sasa. Nyumbani wameshaanza kuniambia niachane nayo nitafute kazi. Kuna siku naogopa hata kufungua emaili. Sasa kuna ajenti hapa mjini anataka laki nane anasema atanitafutia nafasi Ulaya. Nisaidieni jamani.

mkaa_baridini

Dada pole sana, ila hiyo laki nane usiitoe hata kidogo. Anayekuchagua ni profesa na kamati yake, ajenti hana mlango wowote wa kukupitisha, atakachofanya ni kujaza fomu ambazo wewe unaweza kujaza bure.

Mimi niko Sweden mwaka wa tatu. Huku mwanafunzi wa PhD ni mwajiriwa, analipwa mshahara na anakatwa kodi kama wafanyakazi wengine, mkataba ni miaka minne ya utafiti na ukifundisha inasogea mpaka mitano, na ada ya PhD hakuna hata kama umetoka nje ya Ulaya. Sasa kwa kuwa ni kazi, inatangazwa kama kazi. Profesa hawezi kukuchukua tu kwa sababu umemwandikia emaili nzuri, lazima nafasi itangazwe na watu washindanishwe, ndiyo maana wanakujibu hawana fandi au hawajibu kabisa. Kwa hiyo acha kutuma emaili kwa mkupuo, nenda kurasa za ajira za vyuo vyenyewe, Uppsala, Lund, Stockholm, halafu tovuti za ajira kama EURAXESS kwa Ulaya nzima, AcademicTransfer kwa Uholanzi na Jobbnorge kwa Norway. Mimi nilikuwa napita kila Jumapili usiku bando likiwa la bei nafuu.

Halafu soma tangazo mstari kwa mstari. Likisema wanataka mtu mwenye uzoefu wa PCR na kazi za fildi, barua yako ianze na Kilombero, ianze na miezi nane ile, sio ile ya "mimi ni kijana mwenye bidii na ndoto ya kuitumikia nchi yangu", hiyo wanaisoma mara mia kwa siku. Niliomba 11 kwa mwaka mzima, nikaitwa usaili mara tatu, ya tatu ndiyo nikapata. Kila barua ilinichukua siku mbili au tatu kuiandika na sijutii.

Dr_wa_Moro

Naongezea hapo kwa mkuu. Ujerumani nako nafasi nyingi ni ajira, mkataba unaandikwa ngazi ya mshahara inayoitwa E13 ila mara nyingi ni nusu au asilimia 65 ya mshahara, usishtuke ukiona hivyo, watu wanaishi. Shule za utafiti za Max Planck zinachukua kwa makundi na hazibagui uraia. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nao wapo ila angalia tarehe ya cheti chako, kwa kawaida wanataka isizidi miaka sita toka umalize, kwa hiyo wewe bado uko ndani kabisa.

Kitu ambacho watu wetu wanakipita ni miradi ya Marie Curie ya Umoja wa Ulaya, ile ya mitandao ya PhD. Sharti kubwa ni kwamba usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita. Sisi tuliokaa hapa hapa nyumbani sharti hilo tunalo tayari.

Na dada, mbu wako ni mtaji. Watafiti wa Basel, Uswisi, wako Ifakara hapo hapo Kilombero tangu miaka ya hamsini, Glasgow na Liverpool nao wanafanya kazi za mbu na watu wa hapa hapa. Chukua paper zilizotoka kwenye mradi uliofanyia masta, angalia majina ya mwisho mwisho kwenye orodha ya waandishi, hao ndio wenye lab. Halafu usiwaandikie wewe kwanza, mwombe supavaiza wako awaandikie mistari mitatu akutambulishe. Emaili ya mtu wanayemjua wataifungua.

nipo_ohio

Marekani mchezo ni tofauti kidogo. Huku unaomba programu, dedilaini nyingi ni mwanzoni mwa Desemba mpaka katikati, majibu yanakuja hadi Aprili 15 ambayo ndiyo siku ya kuamua. Ukichukuliwa sayansi kwa kawaida wanakulipia ada na kukupa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, ila ni miaka mitano sita. Ule mtihani wa GRE wa kuombea masomo, vyuo vingi wameuacha. Ada ya kuomba inauma, waandikie ofisi ya udahili uombe wakusamehe, mimi vyuo vinne kati ya sita walinisamehe.

Kilichonitesa mimi ni wadhamini. Mhadhiri mmoja aliahidi barua, siku ya mwisho simu haipokelewi, nafasi ikaenda. Toka hapo kila mdhamini nampa wiki sita, namwandikia nilichofanya kwake na alama nilizopata, na nina wa akiba.

binti_kilombero

Asanteni sana, sikujua kabisa kwamba ni ajira. Nimeshamwambia yule ajenti hapana. Jana usiku nimefungua paper tatu za mradi wetu nikakuta mtu wa Basel yuko kwenye zote, na kumbe sampuli nilizofunga mimi mwenyewe ndizo zilizopelekwa lab kwake. Kesho nampigia dokta wangu. Swali moja tu limebaki, mtihani wa Kiingereza wa IELTS nifanye sasa hivi au nisubiri mpaka nipate usaili?

mkaa_baridini

Soma tangazo kwanza dada. Wengine wanakubali barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza, na cheti cha IELTS kinahesabiwa miaka miwili tu. Barua ya chuo iombe kesho hiyo hiyo, unajua zinavyochelewa.