Tupeane uzoefu: nani alikufungulia soko la nje?

Mleta mada: Wakuu, kuna mtu leo kanishauri nikitaka kuuza nje nimtafute tu ndugu aliyeko huko, nikakumbuka mengi. Wewe nani alikufungulia njia, na iliishaje?

fundi_ngozi: Sisi tulimpa mzigo mtu tuliyesoma naye aliyeko nje, tunaaminiana, karatasi hakuna. Mwanzo safi kabisa, oda zinakuja, hela inaingia. Tukapata mnunuzi mkubwa kule kule, mara mzigo unazuiwa forodhani eti nembo si yetu, kufuatilia mwenye nembo ni nani, ni yeye!! Nembo aliyoichora mama yetu kwa mkono wake. Tunampigia anajibu "nilikuwa nawalindia". Nchi ile anayewahi kusajili ndiye mwenye mali. Sasa tunauza kwa jina jingine na wateja wanadhani sisi ndio feki. Inauma sana wakuu.

nuru_k: Pole mkuu, mwili umenisisimka.

kasha20: Ndugu na marafiki waishie kukutambulisha, mkataba uandikwe. Nembo sajili kabla hujatuma hata sampuli, kuna mfumo wa Madrid wa kusajili nembo kimataifa chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, ombi moja unataja nchi nyingi, ila uwe umeanza kwenu na nchi yenu iwe mwanachama.

bidada: Unaongea kama ndugu wote wezi. Shemeji yangu alienda mwenyewe kumkagua mnunuzi kabla sijafunga mzigo, benki gani itakufanyia hivyo?

kasha20: Wapi nimesema wezi? Soma tena.

bidada: Nimesoma.

mzee_wa_oda: Mimi wateja wa nje nimeletewa na watu tunaofahamiana juu juu tu, mmoja tulikaa meza jirani kwenye maonyesho, mwingine ni fundi wa mashine zangu. Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandika hili tangu 1973, watu wako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua, jipya linatoka mbali.

nuru_k: Na malipo? LC, ile benki ya mnunuzi inaahidi kukulipa hati zikikamilika?

kasha20: LC, usikubali kingine.

mzee_wa_oda: Mzigo mdogo makato ya LC yatakumaliza. Chukua nusu kabla, nusu akiona kopi ya hati ya shehena, orijino ya kutolea mzigo unabaki nayo mpaka amalize.

bidada: Na agenti wa kukutafutia oda Umoja wa Ulaya usimwachishe kienyeji, sheria inampa haki ya kudai fidia.

fundi_ngozi: Kuna aliyewahi kurudishiwa nembo? Wakili anataka tuthibitishe jamaa alisajili kwa nia mbaya.

nuru_k: Kusanya ankara na meseji zote za kabla hajasajili mkuu, usifute hata moja. Nakuja inbox.