Saladi ya viazi vitamu kwa wageni 30, naombeni maujuzi

MamaK_Pasua: Habari za jioni wakuu. Jumapili tuna kipaimara cha mtoto wa kaka yangu hapa Moshi. Ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ipo, ndizi zipo, pilau ipo. Mimi nimepewa saladi, na kachumbari nimeichoka. Nataka ya viazi vitamu. Ninunue vyeupe au vile vya rangi ya chungwa? Nifanyeje visivurugike? Naweza kupika Jumamosi usiku? Mayonezi nimeshanunua.

Mangi_Kiboriloni: Dada, viazi vitamu ni vya chai ya asubuhi. Ukiviweka pembeni ya ndafu wazee watauliza kama mchele umeisha.

Jikoni_Sakina: Mangi usimtishe mwenzio. Dada, napikia sherehe huku Arusha, nisikilize. Vya rangi ya chungwa (viazi lishe) vina maji mengi, vikizidi moto kidogo tu unapata uji. Vyeupe ni vikavu, vinashika umbo. Ukitaka rangi, changanya, ila kila aina sufuria yake.

Chemsha na maganda, anzia maji ya baridi yenye chumvi, moto wa wastani. Ukianza na maji yanayochemka, nje kunapasuka na ndani bado kubichi. Choma kisu: kikipita huku kinakwama kidogo katikati, epua umwage maji yote. Menya vikiwa na joto, kata vipande vikubwa, halafu hapohapo mimina ndimu, chumvi na mafuta kidogo. Kiazi cha moto kinanyonya. Kikishapoa ndimu inabaki juu juu. Kitunguu kioshe kwa chumvi kama cha kachumbari. Hoho na giligilani mwishoni.

MamaK_Pasua: Ubarikiwe dada. Na mayonezi?

Jikoni_Sakina: Mimi siweki. Kiazi chenyewe kitamu, mayonezi inakizidishia uzito, na nyama ya ndafu ina mafuta tayari. Hapo panataka uchachu. Kama roho haikubali kuiacha, weka kidogo viazi vikishapoa kabisa, na bakuli lisikae juani wakati padri anasubiriwa.

Shamba_Tengeru: Mnaongelea kupika, ununuzi je? Kiazi chenye vitundu vidogo kina fukuzi (mdudu anayetoboa viazi), kiache hapohapo sokoni. Kinakuwa kichungu na uchungu hautoki kwa kuchemsha. Chagua vinavyolingana ukubwa viive pamoja. Kilo 5 zinatosha watu 30 kama kuna vyakula vingine. Na usiviweke kwenye friji vikiwa vibichi, vinakuwa na moyo mgumu hata uvichemshe vipi.

MamaK_Pasua: Basi nitapita soko la Mbuyuni Jumamosi. Kwa hiyo usiku huo nipike?

Jikoni_Sakina: Pika, tia ndimu, vikipoa funika uweke kwenye friji. Kitunguu, hoho na majani ni Jumapili. Vitoe mapema kidogo, kiazi cha baridi sana hakina ladha. Karanga za kukaanga ukiziponda juu ni tamu mno, ila ziweke kibakuli cha pembeni, kuna watu zinawadhuru.

Mangi_Kiboriloni: Pilipili mmesahau. Pilipili mbuzi itwangwe na ndimu, hapo hata mimi nitaonja. Kipaimara ni saa ngapi?

MamaK_Pasua: Mangi, si ulisema ni vya chai? Wewe njoo asubuhi na chupa yako.