Nani aliwaambia sisimizi hupasuka wakila unga wa sembe? UZI WA MALALAMIKO

Wakuu, salamu baadaye. Nimechoka na hizi "dawa za asili" zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Eti mwaga unga wa sembe, sisimizi akila unamvimbia tumboni anapasuka. Anapasuka na nini? Sisimizi aliyekomaa hamezi chakula kigumu, anafyonza majimaji tu. Chembe anaibeba shimoni kulisha mabuu, na hao ndio wanaoiyeyusha. Unga uliomwaga ni futari, mnawafturisha wadudu kwa hela yenu!

Halafu chaki. Zile za machinga, za kuchora mstari mlangoni, nani kazipa jina la asili? Mara nyingi ndani mna deltamethrini au sipamethrini, sumu ya kiwandani kabisa, na pakiti haina onyo la maana. Kwa mtoto ile ni chaki kama ya shule. Anachora sakafuni, kisha vidole mdomoni.

Siki nayo inasingiziwa kuua. Haiui, inafuta njia. Sisimizi wanafuatana kwa harufu wanayoiacha chini, ndiyo maana ukiua hamsini wengine wanapita palepale. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye tundu wanalotokea. Watu wanafuta kaunta tu halafu wanalalamika! Maji ya sabuni ya vyombo yanafanya kazi hiyohiyo. Kwenye tarazo au marumaru weka siki mbali, asidi inakula sakafu, unabaki na madoa yasiyong'aa. Na usithubutu kuichanganya na jiki, inatoa gesi ya klorini. Hilo kwenye video zenu halimo.

Kinachomaliza kundi ni chambo, na hapo ndipo mnapoharibu zaidi. Nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vikubwa vya sukari, na kijiko KIMOJA cha chai cha asidi ya boriki (unga mweupe wa sumu, "boric acid"), vyote vya kusawazisha. Koroga mpaka yaangaze. Lowesha pamba, iweke kwenye kizibo cha soda kando ya mstari wao, mtoto na paka wasipofika. Mtu anaona kijiko kimoja ni ubahili, anatia vitano. Matokeo yake mfanyakazi anafia njiani, malkia shimoni hana hata habari. Dawa inatakiwa iue polepole. Mtazame kwa karibu: anainamia ukingo wa pamba, tumbo linajaa hadi linapenyeza mwanga, anarudi, akikutana na mwenzake wanagusana midomo anamgawia. Mgao huo ndio unaofika kwa malkia.

Siku ya kwanza watafurika. Usiwapondeponde, usipulize dawa ya kopo. Wale wadogo sana wa manjano wana malkia wengi; ukiwapulizia, kundi linagawanyika na unaanza kuwaona chumbani na bafuni pia. Badilisha pamba kila baada ya siku mbili, kwa sababu maji yakikauka dawa inakuwa kali. Ipe wiki mbili au tatu. Wakisusa sukari, chukua kipande cha siagi ya karanga ukichanganye na chembe kidogo za asidi hiyo.

Kabati la chakula weka miguu kwenye makopo ya maji yenye matone ya sabuni. Maji matupu yakishika vumbi juu wanavuka kama daraja. Kabati lisiguse ukuta, na maji yabadilishwe kila siku tatu, la sivyo unafuga mbu.

Jivu? Linasaidia likiwa kavu. Likipata unyevu, basi.

Mdau wa Pemba:
Sawa kaka, lakini karafuu usizitie kapu moja na sembe. Kosa la watu ni kutupa punje tano kwenye kopo la sukari na kuziacha mwaka mzima mpaka harufu imekwisha. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayokamuliwa Wawi huku Pemba, ndiyo yenye nguvu. Matone 15 kwenye kikombe cha maji, lakini tia sabuni kwanza, maana mafuta peke yake yanaelea juu na unapulizia maji tu. Pakaa kwenye fremu za madirisha. Mwenye paka aache, yanamdhuru. Na usipakae karibu na chambo chako, watakikimbia.

Mdau mwingine:
Mmesahau nje. Tawi la mwembe linalogusa bati ni barabara yao. Angalia chini ya majani: kama kuna vidukari, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa majani, sisimizi wanawalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa, na watashuka ndani kila siku. Kata tawi kwanza.

Na mwenye siafu asijisumbue na sukari, hao wanafuata nyama. Toa vifaranga na mtoto mchanga, waache siafu wawale mende wako, wataondoka wenyewe.