Mtungi unaganda na moto unafifia asubuhi: gesi inalipa kuliko mkaa?

mamalishe_kilombero
Wakuu, habari za humu. Napikia watu kama 80 kwa siku hapa Arusha, wali na makande, kwa jiko la presha na mtungi wa kilo 15. Msimu huu wa baridi, nikishapika kama saa moja mtungi unashika barafu nyeupe upande wa chini na moto unafifia, inabidi nimalizie na mkaa. Nikiutikisa nasikia gesi bado imo. Nimepunjwa? Na gesi kweli inashinda mkaa, au ni maneno ya wauzaji?

fundi_mitungi
Dada, gesi imo, ila imepoa. Ndani ya mtungi gesi imebanwa ikawa kimiminika, kama maji, na ili iwe mvuke lazima inyonye joto la chuma na la hewa ya nje. Kilo moja ikitoka kabla joto la nje halijaingia, mtungi uliojaa unashuka nyuzi 8 hivi. Ukibaki na kilo 5, unashuka karibu 18. Anzia nyuzi 12 za asubuhi ya Julai, halafu kumbuka jiko la presha linaweza kula kilo nzima kwa saa.

Tena gesi yetu ni mchanganyiko. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemkia karibu na sifuri yenyewe. Propani inatangulia kutoka. Hayo unayoyasikia yakichezacheza ni butani zaidi.

Dawa yake ni mitungi miwili inayofunguliwa kwa pamoja, kila mmoja utoe nusu, au mtungi wa kilo 38. Usiupashe mtungi moto kwa namna yoyote. Wala usiulaze: maji ya gesi yataingia kwenye rejeta (kile kifaa cha kupunguza presha) na moto utaruka.

Kupunjwa unakujua kwa mzani tu. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma juu; toa huo, inayobaki ndiyo gesi. Pima pia unapourudisha, maana ukirudi dukani na kilo 1 ndani umeacha karibu asilimia 7 ya hela yako.

pasua_hesabu
Kwenye mkaa: kilo ya gesi ina megajouli kama 46, ya mkaa kama 30. Lakini jiko la gesi linafikisha karibu nusu ya joto kwenye sufuria, jiko la mkaa la bati la kawaida kama moja ya tano. Kwa hiyo kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 za mkaa hivi. Gawa bei ya kilo ya gesi kwa 4, linganisha na kilo ya mkaa unayonunua, lakini upime kwa mzani, debe linadanganya. Kama una jiko sanifu la mkaa, lile linalotunza joto, gawa kwa 3 au chini kidogo.

Kwa misitu, tanuru la udongo linakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, kilo moja inatoa kilo 3 za hewa ya ukaa, tusidanganyane. Ila moshi na masizi vinapungua sana, na mapafu yako ndiyo yanayokaa hapo jikoni.

fundi_mitungi
Nyongeza: Arusha maji yanachemka nyuzi 95 hivi. Makande yakishachemka, kuongeza moto hakuyaivishi haraka, kunachoma gesi tu. Loweka usiku, funika, punguza. Moto ukiwa wa njano na sufuria linashika masizi, fungua tundu la hewa kwenye bana (kichomeo cha jiko). Huku juu hewa ni nyepesi.

mamalishe_kilombero
Asanteni. Hiyo mitungi miwili, rejeta moja inatosha?

fundi_mitungi
Inatosha, ikikaa baada ya maungio na iwe ya kiwango cha jiko lako. Kila mtungi uwe na vali ya kuzuia kurudi, la sivyo wenye joto utajaza uliopoa. Maungio yote yapake povu la sabuni. Likifura, funga mitungi kwanza. Na iweke nje, isiwe shimoni wala karibu na mtaro, gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini.