Buti za kuwindia milimani kwenye theluji: za ngozi, za mpira, au za mchanganyiko?

MwanaUvira
Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa kuwinda umekaribia na mwaka huu wenzangu wa kazini wamekubali twende pamoja milimani. Bunduki nitaazima, koti ninalo, kilichobaki ni buti. Nimezunguka madukani nimebakiwa na aina tatu: za ngozi zenye utando wa Gore-Tex wa kuzuia maji, za mpira zinazofika chini ya goti, na zile za chini mpira juu ngozi zenye laina ya sufu ya kuchomoa. Hela inatosha jozi moja. Miguu yangu hushika ganzi hata nikisimama kwenye maegesho ya kazini, kwa hiyo sitaki kununua kwa kubahatisha. Ipi bora?

Kibosho_Juu
Mkuu, umetaja viatu, hujataja mlima. Uko nchi gani? Unaenda mwezi gani? Unatembea kutwa au unakaa mahali pamoja kumvizia mnyama? Mguu unaopanda hutoa jasho, mguu uliotulia huganda, na kiatu cha huyu si cha yule. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mama_Nuru
Naongezea: bajeti yako ni kiasi gani, na soksi unavaa zipi? Watu wanauliza buti kila mwaka, soksi hakuna anayeuliza.

Mtu_wa_Kasese
Chukua za mpira, mjadala uishe. Kwetu Rwenzori, kwenye kinamasi cha Bigo, unatembea kwenye tope la kumeza mguu. Wageni wanakuja na buti za ngozi za bei mbaya, siku ya pili wanatafuta gambuti za kukodi. Mpira haupitishi maji, basi. Ukifika kambini unasuuza, unaning'iniza, asubuhi unavaa.

Kibosho_Juu
Ndugu yangu wa Kasese, na wanapofika kwenye barafu chini ya kilele cha Margherita wanavaa nini? Wanavua gambuti, wanavaa buti ngumu za kufungia meno ya chuma. Gambuti ni ya tope. Kisigino kinacheza ndani, na kwenye mteremko wenye theluji iliyoganda utaserereka mpaka bondeni.

Mtu_wa_Kasese
Kwani yeye anapanda Margherita? Anawinda.

MwanaUvira
Samahani wakuu. Niko Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Tunawinda elki, yule paa mkubwa ambaye dume lake hupita kilo 300. Tutakuwa upande wa milima ya Bitterroot, katikati ya Novemba. Wenzangu wanasema tutaanza kupanda kabla hakujapambazuka, halafu tunakaa kwenye ukingo wa mlima kwa saa kadhaa tukingoja, kisha tunashuka. Asubuhi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, mchana theluji inayeyuka inakuwa uji. Bajeti dola 250. Soksi zangu ni za pamba, zile nene za michezo.

Mama_Nuru
Hizo za pamba ziache nyumbani, baba. Pamba ikinywa jasho inabaki na maji na mguu unapoa papo hapo. Sufu ikilowa bado inahifadhi joto. Mimi niko Tromsø, Norway, huku watoto wa chekechea wanacheza nje baridi yote, na ndani ya buti zao kuna soksi za sufu. Nunua jozi kadhaa za merino, sufu laini ya kondoo, kabla hujagusa buti.

Kwa hali uliyoeleza mimi ni wa mpira na ngozi. Sababu ni ile laina. Theluji ya uji itaingia tu, ikikosa kuingia basi jasho litalowesha. Buti ya ngozi ambayo kitambaa chake cha joto kimeshonewa humo humo haikauki usiku mmoja kwenye hema. Laina unaichomoa, unalala nayo ndani ya begi la kulalia, asubuhi ni kavu na ina joto la mwili wako. Ukiweza nunua laina ya pili, uwe unabadilishana.

Kibosho_Juu
Mama Nuru, nakuheshimu, ila hizo ni nzito na kifundo hakishikiki. Anaanza na kupanda gizani. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, na usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni wanaolia vidole mara nyingi ni wale waliovaa soksi tatu wakakaza kamba. Damu haipiti, na hewa ya kutunza joto haina nafasi. Nikifungua kamba, nikivua soksi moja, vidole vinarudi. Achukue ngozi zenye Thinsulate, kitambaa cha kutunza joto, ya gramu 400 na nafasi ya kuchezesha vidole, avae geita, kile kifuniko cha kufunga juu ya buti, kuzuia theluji isiingie kwa juu, apande na soksi nyembamba. Akifika ukingoni avue, ajifute, avae soksi kavu nene. Jasho la kupanda ndilo litakalomgandisha akikaa.

Na zile gramu asizisome kama vipimo vya joto. Ni uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Gramu 1,000 kwa mtu anayepanda ni kujipikia miguu.

Fundi_Boise
Ngoja niwaeleze yaliyonikuta Idaho. Nilinunua buti za ngozi mtandaoni, muuzaji ameandika kabisa kwamba hazipitishi maji hata kidogo. Soli zilikuwa za gundi tupu, hazina mshono hata mmoja. Siku ya kwanza tulitembea kwenye theluji laini, adhuhuri soksi zimelowa chapachapa. Usiku mwenyeji wetu, kwa wema wake, akazisogeza karibu na jiko la kuni wakati mimi nimelala. Asubuhi ngozi imekakamaa lakini gundi inaonekana nzima, tukatoka.

Tukiwa mbali na gari soli ya mguu wa kulia ikaanza kufunguka kuanzia kidoleni, kila hatua inachota theluji. Tukaifunga kwa kamba, kamba ikakatwa na mawe. Tukaifunga kwa mkanda wa begi. Mwanzoni vidole viliuma sana, halafu maumivu yakaisha, na hapo ndipo mwenzangu aliyezoea alipostuka. Akanikalisha juu ya begi, akanivua buti. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama mshumaa, nikivigusa sisikii kitu. Nilitaka kuvisugua kwa theluji kama tulivyokuwa tukisikia, akanishika mkono. Akafungua koti lake akauweka mguu wangu tumboni kwake, kwenye ngozi. Damu iliporudi nililia, sikuona haya. Ngozi haikuwa imekufa, lakini hadi leo vidole hivyo viwili ndivyo vya kwanza kupata baridi.

Yule muuzaji alikataa kurudisha hela, akasema nimezichoma mwenyewe. Na maji yaliyoingia kabla ya jiko je?

Kwa hiyo angalia mshono wa soli. Ukikausha, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yakilowa. Moto ukae mbali.

Mama_Nuru
Pole sana kaka. Mwenzako alijua. Kusugua kunachana ngozi iliyoganda. Ukishafika nyumbani ni maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na kama kuna hatari ya kuganda tena njiani bora usiuyeyushe mguu kwanza.

Mzee_Lindi
Hilo la soli kuachana na kiatu ni la zamani. Mmarekani L.L. Bean alipotengeneza buti zake za mpira na ngozi kule Maine mwaka 1912, katika jozi 100 za kwanza 90 zilirudishwa, ngozi imeachia mpira. Akawarudishia watu hela zao, akakopa, akatengeneza upya. Muuzaji wa Fundi angejifunza hapo.

Mtu_wa_Kasese
Mpira mtupu hauachani na chochote.

Kibosho_Juu
Na jasho nalo haliachani na mguu. Tumeshalizungumza hili.

Dereva_Iowa
Mbona hamwambii anunue vile vipakiti vya kupasha vidole? Dola chache tu.

Fundi_Boise
Vinasaidia, ila ndani yake ni unga wa chuma unaoshika kutu, unahitaji hewa. Kwenye buti iliyobana vinapoa. Na vikijaza kiatu vinabana damu, tunarudi kule kule.

Dereva_Iowa
Sawa. MwanaUvira, mimi buti hazinisumbui, kilichonishtua ni "bunduki nitaazima". Makaratasi yako yakoje? Usije ukaingia matatizoni kwa ajili ya nyama.

MwanaUvira
Mimi ni mkaazi wa kudumu kaka, niliingia kama mkimbizi. Leseni ninayo, mafunzo nimemaliza, maana Montana aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima ayapite. Fulana ya rangi ya chungwa, ya kuonekana na wawindaji wengine, ninayo pia.

Dereva_Iowa
Hapo sawa. Wenye viza za muda ndio wawe waangalifu, sheria ya serikali kuu inawabana kwenye bunduki, ila mwenye leseni halali ya kuwinda ana nafuu yake. Waulize wanasheria.

MwanaUvira
Nitaenda dukani jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba kidogo, nijaribu na soksi za sufu ndani. Nimevutwa na mpira na ngozi kwa sababu ya laina, lakini kile kifundo kinanitia wasiwasi. Kibosho, dola 250 napata ngozi yenye soli ya kushonwa?

Kibosho_Juu
Dukani mpya sijui, huku tunachambua mitumba pale soko la Memorial, Moshi, na zipo ngumu kweli. Tafuta zilizotumika kidogo, ukunje soli uone kama inafunguka. Na popote utakapokaa, usiweke nyayo kwenye theluji. Kanyagia kipande cha godoro la sponji, baridi nyingi inapandia hapo. Kofia na kizibao pia, kifua kikipoa mwili unanyima miguu damu.

Shangazi_Minnesota
Jamani, mimi siwindi, mume wangu anavua samaki juu ya ziwa lililoganda, anasimama kwenye shimo kutwa nzima. Hizo za laina zitamfaa au achukue za gramu 1,000?

Mama_Nuru
Hapandi mlima? Zote zinamfaa dada, mradi soli iwe nene na laina ichomoke. Analala huko huko ziwani au anarudi nyumbani?